Mwalimu wa Daktilo na Mulango ya Tatu

Ninyi vijana, na ninyi wenye hamuko vijana tena lakini munajiitaka hivyo, mukae chini musome. Mimi niliishia ya nne primaire, naandika polepole, basi na ninyi musome polepole. Mu groupe yenu ya telefone, ninyi wanafunzi wake wa zamani, mulituma mishumaa. Muliandika: Mwalimu, pumzika kwa amani. Mulituma vile visura ya manjano yenye kutoka machozi. Mumoja aliandika asema utoto wake umezikwa leo. Mujukuu wangu musichana, Asifiwe, alinisomea yote mpaka mwisho, mimi nikiwa naosha masahani.

Huyo mutu hajafa.

Iko Cimpunda, hapa Bukavu, mu nyumba ile ile ya mbao, ku njia ile ile yenye mulikuwa munateleza wakati ya mvua. Maharagi yake anachagua mwenyewe. Kitu yenye iko inakufa ni macho. Moja imekwisha, ingine imebakia na mwanga kidogo, na muganga alimuambia haitarudi. Na mbele ile ya mwisho ifunge, kuna kitu moja anangoja kutoka kwenu. Haiko pesa. Kama ingekuwa pesa ningefunga kinywa, juu kila mutu anajua shida ya mufuko wake. Ni kitu yenye ninyi wote muko nayo mu kichwa, na mukimupatia haiwapunguzie kitu. Njo maana nimekasirika. Ingekuwa kitu ya nguvu ningewahurumia.

Jina yake sitaandika. Tulimuitaka Mwalimu wa Daktilo, juu alifundisha kupiga mashini ya kuandika, na yeye alipenda hivyo. Mambo ya wazazi wake na fasi alizaliwa haiko kazi yangu. Nitaandika yenye niliona na yenye nilisikia, na kwa huyu mutu nilisikia mingi kupita kuona.

Alikuwaka na chumba moja yenye kuangalia njia. Juu ya mulango aliandika na rangi nyeusi: SECRÉTARIAT, DAKTILO, MIALIKO YA NDOA. Asubuhi alipigaka barua ya watu. Barua ya kuomba kazi, barua ya kumulilia mwenye nyumba, barua ya mwanamuke kwa bwana mwenye alienda kuchimba dhahabu na hakurudi. Kisha saa ya chakula alifundisha watoto kupiga mashini na vidole yote. Mashini ya chuma ilikuwa ine, na watoto wakizipiga pamoja, mutu wa njiani alisikia sawa mvua ku mabati. Na mu kona, juu ya meza yake peke yake, kulikuwa ordinateur, kompyuta moja. Aliifunika na kitambaa cheupe ya kushonwa maua, sawa ile ya altari. Mupadri mumoja alipita akamuambia, "Mwalimu, hapa unabariki nini?" Yeye akajibu asema anabariki vumbi isiingie.

Ile ordinateur ilitoka Ulaya, ikapita Kigali, ikavuka Ruzizi mu gari ya mitumba. Aliinunua juu ya mialiko ya ndoa, juu bibi harusi wa mujini walikuwa wameanza kutaka maua ku pembe ya karatasi. Lakini ndani ya kartoni kulikuwa diskette yenye hakuomba. Mu moja ya hizo diskette njo kulikuwa ule muchezo wenu. Jina yake ya kizungu hakuna mutoto aliweza kuisema. Muliita Kamutu ya Taa.

Mimi ile écran, kioo ya ordinateur, sikuiangaliaka hata siku moja. Lakini naijua. Kamutu kadogo, taa mu mukono, anaingia chini ya mulima. Mulima iko na milango tatu. Kuna popo, kuna maji yenye kuanguka, kuna funguo yenye kufichwa nyuma ya mawe. Mafuta ya taa iko inapungua. Ikiisha, kamutu anakaa chini, giza inaingia, na munaanza upya. Muniambie kama nimekosea.

Nilijua juu ya musemaji. Hii sijaona fasi ingine. Ordinateur ilikuwa moja, watoto walikuwa wengi, chumba kidogo. Mumoja alicheza, wachache walikaa ku banc, wengine wote walibakia inje chini ya mabati, na mvua. Mwalimu hakutaka mutu akae bure. Akachagua mutoto mumoja, akamusimamisha ku mulango, akamuambia: "Weye hautacheza leo. Utaangalia, na utasema. Wale ba inje baone na masikio." Na ilikuwa na sheria. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Popo ikiwa tatu, unasema tatu. Kama umesema ine, unatoka, mwingine anasimama. Bamama wenye kutoka ku soko ya Kadutu na beseni ku kichwa walisimamaka pale njiani, wanajifanya wanapumzika. Mimi pia nilisimamaka, na samaki yangu ya kuuza inaharibika, juu musemaji mwenye alishinda wote alikuwa Murhula, mutoto wangu. Alikuwa na sauti ya mutangazaji wa mupira. "Kamutu anashuka. Anashuka. Kuna ngazi, lakini moja imevunjika. Anaangalia chini. Taa iko nusu." Hata mutu muzima alisimamisha pumzi.

Lakini musifikiri nilimupenda Mwalimu juu ya ile. Siku moja nilimukuta nimewaka sawa makala mu jiko.

"Mwalimu, mutoto wangu iko wapi?"

"Iko ku kazi, Mama Murhula."

"Kazi gani?"

"Anasema."

"Anasema. Na bidon yangu ya maji iko ku robinet, iko na nani?"

"Maman, akitoka sasa, hawa bote banapotea mu mulima."

"Bapotee."

Nilivuta Murhula na sikio mpaka nyumbani. Watoto wa inje walitufuata, wanalia asema, "Maman, alikuwa na funguo ya pili, umuache aseme tu ile funguo ya pili." Maji haikuchotwa siku ile. Watu wanangojaka mama muzee aseme leo kwamba alikosea. Sikukosea. Maji ni maji.

Alikuwa mugumu, ule mutu. Hakuna mutoto aligusa ordinateur mbele ya kumaliza ukurasa muzima ku mashini ya chuma, na kosa moja ilikurudisha ku mustari ya kwanza. Mikono ilioshwa mu beseni ku mulango, na maji ya beseni mulileta wenyewe. Alisemaka: "Vidole kumi Mungu alikupa. Unatumia mbili. Ile nane inangoja nini, kipaimara?" Mutu mukubwa akija kutia sahihi ku barua bila kusoma, alimufungia karatasi mu mukono yake: "Soma mbele ya kugusa." Aliniambiaka mimi pia, na alijua kwamba nasoma pole. Alingoja. Njia muzima ilingoja, mimi na kidole yangu ku mustari, na hakunisaidia hata neno moja. Nilitoka pale jasho inanitoka, hasira tupu. Na niko naandika hii leo.

Kosa yake nitaiandika pia, juu ninyi mu groupe mulimufanya mutakatifu. Wasichana hakuwaachia Kamutu. Wasichana walikuwa ku mashini ya chuma, ukurasa kisha ukurasa, na muchezo waliutazama juu ya bega. Niliuliza, "Juu gani?" Akasema wasichana watahitaji kazi. "Na wavulana?" Akasema wavulana watahitaji kitu ya kuwafungia ndani. Hakunielewesha zaidi. Wale wasichana wa ile chumba njo wanakula kwa kazi ya vidole yao mpaka leo, mu ma bureau ya mujini. Lakini nilimuona mumoja akiwa anapiga mashini na kichwa imegeuka ku kona ile, mpaka shingo inamuuma, na Mwalimu anamuambia angalia karatasi yako. Ile sikuipenda. Sijaipenda.

Sasa mulango ya tatu.

Kamutu akipita mulango ya kwanza, na ya pili, anafika mbele ya ya tatu, anainua taa, na muchezo unasimama. Maandishi inakuja. Watoto walifikiri mashini imekufa. Mwalimu alifungua dictionnaire yake, akakaa na ile maandishi siku muzima. Kisha akawaita wote, hata ba inje, akawaelezea sawa mutu anayesoma amri ya chef: mwenye alitengeneza huu muchezo anatupatia milango mbili bure, tuonje. Ya tatu anaomba tulipe, tutume kwake Amerika, naye atatuma diskette ingine. Hatujalipa. Basi tunaishia hapa.

Lipa na nini? Poste ya hapa ilikuwa imebakia nyumba ya popo. Mwalimu alimupatia bahasha ya barua mumisionari mumoja mwenye alikuwa anarudi kwao. Haikujibiwa. Hatujui kama ilifika, hatujui kama ilitoka hata ku Kigali. Lakini kwa Mwalimu haikuwa shida ya poste. Hatujalipa, hatujalipa.

Siku moja kijana alipanda kutoka soko ya Minova na diskette mu shati. Asema iko nayo yote, milango tatu, imekopiwa, aichukue kwa bei ya soda. Watoto waliruka. Mwalimu aliigeuza mu mukono, akaiangalia mbele na nyuma, akamurudishia.

"Papa, iko muzima," kijana akasema. "Ntakuonyesha ifunguke."

"Najua iko muzima."

"Basi?"

"Mwenye aliitengeneza aliomba kitu. Weye ulimupatia?"

"Papa, ule iko Amerika. Hatajua."

"Mimi niko Cimpunda. Najua."

Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Watoto walilia machozi ya kweli, Murhula alikataa kula. Nilimuendea Mwalimu tena, juu mutoto wangu mwenye kukataa ugali ni maneno yangu. Nikamuambia: hawa watoto hawana viatu, hawana courant ya umeme, wako na vita ku mulango, na weye unawafungia hata mulango ya uongo. Akaniambia asema yenye iko ya uongo ndani ya mashini ni mulima. Mutu mwenye aliitengeneza haiko wa uongo. Nikatoka nikapiga ule mulango yake nyuma yangu, na kalamu ikaanguka ku meza, nilisikia.

Vita sitaieleza. Kila nyumba ya Bukavu iko na yake. Nitasema muchana moja tu. Risasi ilianza upande ya juu, na Murhula alikuwa kule. Nilitembea nimeinama, ukuta kisha ukuta, mpaka nyuma ya secrétariat. Mulango ilifungwa. Courant hakuna. Nikasikia sauti ya mutoto wangu ndani, ya chini kabisa.

"Kamutu anaingia. Popo iko kushoto, mbili."

"Na mafuta?" Mwalimu anauliza.

"Nusu."

"Basi tembea pole."

Mashini ilikuwa imekufa, écran nyeusi, na watoto wote wamelala ku tumbo, na ule mutoto anawatembeza mu mulima na kichwa tu. Mwingine anasema, hapana, pale kuna jiwe, umesahau jiwe. Mwalimu anasema, kweli, kuna jiwe, rudi nyuma. Niliketi chini ya dirisha. Sikubisha. Walifika ku mulango ya tatu, na risasi ilikuwa ingali inalia.

"Tumefika, Mwalimu. Niseme nini?"

Watoto wakaanza kumulilia: sema ifunguke, Murhula, sema tu. Mwalimu akasema: "Yenye hatujaona hatusemi. Itafunguka siku yake, na mwenye ataona atakuja kutuambia. Anza mwanzo." Na wakaanza mwanzo. Hakuna mutoto mumoja alilia pale ndani mpaka jioni. Mimi njo nililia, chini ya dirisha, na hiyo ni ya kwangu.

Na ule mutu mwenye hakukubali mutoto adanganye juu ya mulango ya mu écran, wakati wanajeshi walianza kuokota wavulana njiani, alipiga karatasi ya shule ya uongo mpaka utepe ya mashini ikakauka. Wavulana wenye ndevu inaanza walikuwa wa darasa ya tano. Murhula alipunguzwa miaka. Nilimuuliza, "Mwalimu, na hii? Si uongo?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Maman, usiniguse meza, nitakosea mustari."

Kisha mashini ikakufa kweli. Cyber zikakuja mujini, kisha telefone mu kila mufuko. Mialiko ya ndoa sasa inatumwa hewani. Nyumba yetu ya Cimpunda iliungua na zingine za njia yetu, na mimi nilihamia Kasha, upande ingine ya muji. Murhula alisoma, akapata kazi mu ONG, shirika ya misaada, akaoa, na anakaa kwangu na bibi yake na Asifiwe. Nasema anakaa kwangu, juu kuna watu wanafikiri mimi njo nakaa kwake. Jioni anaangaliaka groupe yenu na anacheka peke yake. "Maman, unakumbuka Kamutu?" Mumoja anatuma picha ya écran ya zamani, mwingine anatuma ile muziki ya ting ting ting, mwingine iko Bruxelles asema alilia mu tramu. Mulilia juu ya popo. Na musemaji wenu alikuwa ameketi ku canapé yangu, na Cimpunda iko pale, mutu anafika na pikipiki mbele ya chai kupoa.

Kisha muliandika kwamba alikufa. Nimefuata mpaka nikajua ilitoka wapi. Mumoja wenu alipita ku njia kubwa na pikipiki, hata hakushuka, akaona bâche, turubai ya matanga, upande ile, akauliza mutoto, mutoto akasema ni muzee. Basi. Ilikuwa muzee wa nyumba ya pili, fundi wa viatu. Yule wa pikipiki aliandika, na wengine wote mukawasha mishumaa mu telefone. Watu wazima na diplome. Hakuna hata mumoja alishuka ule mufereji wa ku njia yake kuangalia kama mutu anapumua. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza: muliongeza kifo muzima.

Mimi nilienda. Nilifunga kitenge ku kiuno, nikabeba kikapo ya makala ya kupikia, sawa vile mwanamuke anaenda ku matanga. Nikashuka. Ku mulango ya secrétariat, kuna mutu ameketi ku banc, ungo ku magoti, anachagua maharagi na vidole. Vidole kumi yote.

"Nani amesimama mu mwanga yangu?" akasema.

Nilisogea kando.

"Sema, mutu. Siko naona sura."

"Ni mimi. Mama Murhula."

"Ah. Mama wa masikio. Leo unakuya kuvuta ya nani?"

"Nilikuja ku matanga yako."

Alisimamisha vidole kidogo. "Nilikufa lini?"

"Banasema juzi."

"Na balilia?"

"Mu telefone."

"Vizuri. Na hii nasikia inasugua ni kikapo. Umeleta makala ya matanga?"

"Njo hivyo."

"Basi weka pale. Maharagi iko mingi, na marehemu iko na njala."

Nilicheka, na hasira ilikuwa ingali palepale. Niliwasha moto, nikapika maharagi. Ndani ya chumba mashini ya chuma imebakia moja. Ordinateur iko mu kona, imefunikwa na kitambaa yake, imefuliwa. Haiwakake kitambo. Niliuliza juu gani anafua kitambaa ya kitu imekufa. Akasema, "Na weye ulifunga kitenge ya matanga ya mutu muzima."

Tulikula. Kisha akaniuliza, polepole, sawa mutu anayeuliza kitu yenye aliitayarisha siku mingi.

"Murhula alifika?"

"Kufika wapi?"

"Ku mulango ya tatu."

Nilifikiri amechoka. Akaendelea: "Batoto bamekuwa bakubwa. Bamoja bako Ulaya. Nilijisemeaka, kule mutu anaweza kumulipa yule mwenyewe. Mumoja atalipa, atafungua, kisha atakuya kusimama pale." Alionyesha ule mulango, fasi kizingiti imelika na miguu ya wasemaji. "Atanisemea. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Jioni nakaaka naangalia ku mulango. Sasa sitaona tena mutu akiingia. Lakini masikio iko."

"Hakuna mwenye alikuja?"

"Labda hakuna mwenye alifika, maman. Ile mulima ilikuwa ngumu. Usibakasirikie."

Yeye njo alisema hivyo. Usibakasirikie. Nilipanda mpaka ku njia kubwa, nikarudi nyumbani.

Murhula alikuwa ku meza, telefone mu mukono. Nikasema, "Mwalimu wa Daktilo iko muzima. Nimekula naye."

"Mais maman. Mu groupe batu bote baliandika."

"Nani alimuona amekufa?"

"Bote baliandika, maman."

"Nimekuuliza nani alimuona."

Akaangalia telefone tena. Kisha akaanza maneno ya kazi yake: ataandika mu groupe, batakusanya kitu, batapiga picha naye, batafanya fête ya ba anciens, wanafunzi wa zamani. Nikamuambia hakuomba fête. Anauliza kama ulifika ku mulango ya tatu.

Akacheka. Murhula wangu, musemaji, akacheka. "Ile? Maman, ile nilimaliza kitambo, mu telefone. Siku moja, ku likizo. Ba anciens bote tulimaliza."

"Mulimulipa yule wa Amerika?"

"Hata haiko ya kulipa tena. Mwenyewe aliitoa bure, yote, kuna miaka mingi. Aliandika mwenyewe kwamba kila mutu achukue."

Basi muone. Mwenyewe alifungua. Hakuna wizi tena, hakuna deni tena, mulango iko wazi miaka mingi, ninyi wote mumeingia na kutoka, na mulimuacha ule mutu amesimama mbele yake na taa, mafuta inaisha. Mulikumbuka popo. Mulikumbuka ting ting ting. Kitu moja tu hamukukumbuka: kwamba mwenye ataona atakuja kusema.

"Maman, usikasirike," Murhula akasema. "Nitamupigia telefone sasa hivi. Na mwisho yenyewe haiko kitu sana, kamutu anafungua, kisha ana—"

"Funga kinywa."

"Nilikuwa nakuambia tu."

"Haiko mimi niliuliza. Usiniambie mimi, usimuambie bibi yako, usimuambie mutu yeyote mbele ya Mwalimu kusikia."

Aliweka telefone chini. Asifiwe alikuwa amesimama ku mulango ya jikoni, na anaangalia baba yake sawa vile sijamuona akimuangalia. Nikamuita, aje karibu. Bibi ya Murhula pia akaja. Na nikawaambia hivi, wote, nikiwa nimesimama:

"Jumapili, misa ikiisha, nyumba hii yote inaenda Cimpunda. Murhula, utabeba ordinateur yako ya kazi, na batterie ikuwe imejaa, juu kule courant siiamini. Asifiwe, weye njo utacheza, kuanzia mulango ya kwanza. Ulikuwa na haki ya kucheza mbele ya kuzaliwa. Hakuna picha, hakuna groupe. Na weye Murhula, hautakaa. Utasimama ku kizingiti, utaosha mikono mu beseni, na utamusemea Mwalimu yote mpaka mwisho. Popo ikiwa tatu, unasema tatu."